Mtungi wa Taa Tatu

Rafu ilikuwa tupu.

Inspekta Verna Kessler aliitazama bila kuigusa. Juu ya mbao nyeusi palibaki duara jeupe, pana kama sahani ya supu. Hapo ndipo ulipokaa mtungi wa udongo tangu mwaka 1846, na ndani yake chachu mama ya nyumba ya wageni ya Taa Tatu, chachu hai inayolishwa na kuongezeka. Kila mkate uliowahi kuokwa katika nyumba ile ulianzia kwenye mtungi huo. Wasafiri wa magari ya farasi waliula. Wachimba makaa wa milima ya Pennsylvania waliula. Sasa ulikuwa mwaka 1994, na mtungi haupo.

"Tumeibiwa, Verna," alisema Gilbert Stroud, mwenye nyumba. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa kizazi cha tano cha akina Stroud, na asubuhi hiyo ya Jumanne sweta yake aliivaa nyuma mbele. "Tumeibiwa, na Jumamosi ya Mkate ndiyo hiyo inakuja!"

Hakuhitaji kueleza. Jumamosi ya Mkate, mji mzima wa Dunmire hupanga meza katikati ya barabara, na watu huja hata kutoka Ohio kula mkate wa Taa Tatu kwa jamu ya matofaa na supu ya maharage.

"Nani aligundua?" aliuliza Verna.

"Mimi," ilijibu sauti kutoka kwenye jiko la gesi.

Alikuwa Odessa Pruitt, mpishi wa Taa Tatu kwa miaka arobaini na moja. Umri wake ulikuwa miaka sitini na minane, lakini mgongo ulisimama wima kama mchi.

"Niliingia saa kumi na mbili kasoro robo. Dirisha limevunjwa, mtungi hakuna. Nikampigia Gilbert kelele."

"Uligusa chochote, Bi Odessa?"

"Mwanangu, hili ni jiko langu. Nimegusa kila kitu."

Konstebo Dale Yoder alikuwa amepiga magoti, akipaka poda kwenye rafu kutafuta alama za vidole. Odessa alimtupia jicho.

"Hiyo poda yako ikiingia kwenye sufuria zangu, utazisugua wewe."

"Ndiyo, Bi Odessa."

Odessa aliwamiminia polisi kahawa, akatia maziwa, akabaki na yake nyeusi. Dale alipiga funda moja, machozi yakamlengalenga, akaanza kutafuta sinki. Verna alinusa kikombe chake. Maziwa yalikuwa yameharibika. Akakiweka chini taratibu. Mtu aliyefikwa na msiba, aliwaza, hakumbuki maziwa.

Walitoka nje kuangalia dirisha. Vipande vya kioo vilimetameta juu ya kitalu cha mnanaa. Verna alirudi ndani, akachungulia sakafu chini ya dirisha. Safi.

"Inspekta," alinong'ona Dale, "kioo kimeangukia nje. Kimevunjwa kutoka ndani!"

"Nimeona."

"Kwa hiyo mwizi..."

"Kwa hiyo funga mdomo mpaka nikuambie."

Shahidi alipatikana kabla ya saa mbili. Dereva wa gari la maziwa alisema kwamba saa kumi na moja na nusu alfajiri alimwona mtu akitoka mbio kwenye mlango wa nyuma wa Taa Tatu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi.

"Ulimtambua?"

"Inspekta, masharubu yale nani asiyeyatambua? Ni Mzee Baran."

Verna akashusha pumzi. Teofil Baran alikuwa na mkahawa wake ng'ambo ya barabara, na uhasama wake na Taa Tatu ulikuwa wa miaka thelathini. Dirishani kwake aliweka kibao: MKATE WETU HAUNA HISTORIA LAKINI UNATAFUNIKA. Odessa naye alipenda kuwaambia wageni kwamba kwa Baran mtu huenda kula akishapoteza matumaini.

Walimkuta akikoroga supu ya kabichi. Mkononi alifunga kitambaa cheusi.

"Pole, mzee. Nani amefariki?"

"Dada yangu, kule Scranton. Niliondoka Alhamisi. Nimerudi jana."

"Na leo saa kumi na moja na nusu alfajiri ulikuwa wapi?"

"Napunga upepo."

"Ndani ya jiko la Taa Tatu?"

"Upepo hauchagui pa kupita."

"Mzee Baran, sikuja kutaniana."

"Wala mimi. Supu hii nisipoikoroga itashika chini."

"Ulichukua mtungi?"

Baran alicheka kwa masharubu. "Mkate wao mgumu kama kwato. Mtungi nitaufanyia nini, nioteshee maua?"

"Basi ulifuata nini kule?"

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Kwa mara ya kwanza mzee aliangalia pembeni.

"Hilo sisemi."

"Hata nikikuweka ndani?"

"Kule ndani kuna kitanda. Mimi nina usingizi wa matanga."

Aliwafungulia milango yote wapekue. Walipekua ghala, friji, hata chini ya godoro lake. Hawakupata kitu. Verna hakumkamata, ila alimwonya asitoke mjini.

Lakini Dunmire haukusubiri ushahidi. Dereva wa maziwa alikwisha kuwasimulia watu tisa, na hao tisa wakasimulia wengine. Mchana huo mkahawa wa Baran haukuingiza mteja hata mmoja. Jumatano asubuhi, kioo cha mbele kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mlango: MWIZI.

Verna alimkuta amesimama na ndoo, akisugua. Rangi ilikuwa imekauka.

"Niambie aliyefanya hivi nimshughulikie."

"Sikumwona."

"Basi niambie ulifuata nini Taa Tatu, nami nitasimama hapa barabarani niwaambie watu wote kwamba huna hatia!"

"Sugua, Teofil," mzee alijiambia mwenyewe, kana kwamba inspekta hayupo. "Sugua."

Ng'ambo, pazia la jiko la Taa Tatu lilitikisika. Verna aliinua macho, akauona uso wa Odessa kwa nukta moja. Haukuwa uso wa mtu aliyeibiwa. Ulikuwa uso wa mtu anayeona nyumba ya jirani ikiungua ilhali kiberiti anacho yeye.

Siku nzima Verna aliligeuza jambo hilo kichwani. Alimhoji Gilbert ofisini kwake, bila kumzungusha.

"Kioo kilivunjwa kutoka ndani. Wewe unalala ghorofani. Ulifanya hivi ili magazeti yaje?"

Gilbert alimtazama kama aliyepigwa kofi. "Verna! Mimi nikiingia jikoni bila ruhusa ya Odessa napigwa na mwiko. Ule mtungi nimeugusa mara mbili tangu nizaliwe."

"Mara ya mwisho lini?"

"Mwaka 1953. Baba aliutoa mikononi mwangu akampa Odessa."

Alasiri, Dale alikuja mbio kutoka kwenye lundo la mbolea nyuma ya Taa Tatu, ameshika mfuko wa ushahidi kwa ncha za vidole.

"Ilikuwa chini ya majani, Inspekta. Inanuka kama soksi za marehemu!"

Ndani ya mfuko kulikuwa na ute mzito wa rangi ya kijivu, wenye mistari ya waridi. Verna alijikaza, akanusa. Kilikuwa kitu kilichooza. Lakini chini ya uozo, mbali kabisa, aliisikia harufu nyingine, chachu na tamu, ile iliyomkaribisha kila alipopita kwenye mlango wa Taa Tatu.

"Chachu haikuibiwa, Dale. Ilikufa, ikatupwa."

"Na nani?"

"Alama za vidole kwenye rafu ni za nani?"

Dale alifungua daftari, akalifunga tena. Alikuwa kijana wa Dunmire. Keki ya ubatizo wake aliioka Odessa.

"Za mtu mmoja tu," alisema kwa sauti ndogo.

Alhamisi saa nne asubuhi Verna alikwenda peke yake. Njia nzima alitafuta neno la kuanzia, asilipate. Alisukuma mlango wa jiko, na kabla mguu wa pili haujaingia harufu ikamgonga usoni.

Gesi.

Sufuria ya maharage ilikuwa imefurika na kuuzima moto, lakini koki ya gesi ilikuwa wazi, na gesi ilikuwa ikivuma. Odessa alisimama mbele ya jiko, utulivu mtupu, ameshika njiti ya kiberiti juu ya ubavu wa kisanduku.

"Karibu, mwanangu. Huu moto umezimika ten..."

Verna aliruka. Aliubana mkono wa yule mama kwa mikono yake miwili, njiti ikaanguka sakafuni. Akafunga koki, akapiga teke mlango wa nyuma, akafungua madirisha yote. Kisha akamvuta Odessa hadi kwenye kitalu cha mnanaa, na huko wakasimama wakitweta.

"Una wazimu?" Odessa alifoka. "Umeniumiza mkono!"

"Jiko limejaa gesi, Bi Odessa. Nimeisikia nikiwa mlangoni."

Odessa aligeuka kulitazama jiko lake, kisha mkono wake ulioshika njiti.

"Husikii harufu," alisema Verna.

Odessa alikitia kisanduku cha kiberiti mfukoni mwa aproni.

"Tangu lini?"

Odessa aliketi kwenye ngazi ya mlango, polepole, kama mtu anayetua mzigo wa kuni.

"Februari. Ile homa iliyonilaza. Nilipoinuka, harufu imekwenda, na ladha ikaifuata. Kahawa ni maji ya moto. Nyama ni kamba. Daktari wa Pittsburgh akasema huenda zikarudi, huenda zisirudi."

"Na miezi minane hii umepikaje? Mimi nimekula hapa kila Ijumaa. Chakula hakikuwa na kasoro."

Odessa alifuta macho kwa aproni, na katikati ya machozi akatabasamu.

"Teofil."

"Mzee Baran?"

"Alikuja Machi kunigombeza, kama desturi yake. Eti moshi wangu unaingia kwake. Akachota supu yangu bila ruhusa, akaionja, akanitazama. Nilikuwa nimetia chumvi mara tatu. Hakucheka, Verna. Tangu siku hiyo anakuja kila alfajiri kwa mlango wa nyuma, kijiko mfukoni. Anaonja, ananusa maziwa, ananusa nyama, ananitukana, anaondoka."

"Halafu dada yake akafariki."

"Siku nne hakuwepo. Alhamisi iliyopita niliilisha chachu maji ya viazi, kama kawaida. Kumbe ndoo ile ilikaa karibu na jiko tangu Jumatatu, imeoza. Mtoto mdogo angeisikia. Mimi nikaimimina yote." Alikunja ngumi juu ya magoti. "Rangi ya waridi niliiona siku ya nne, imekwisha kufa. Pua ingeniambia siku ile ile ya kwanza."

"Na Jumanne alfajiri?"

"Teofil alikuja, nikamwonyesha. Akanisihi nimwambie Gilbert. Nikamfukuza kwa mwiko, akatoka mbio, ndipo yule mropokaji wa maziwa akamwona. Nilipobaki peke yangu nikachukua kigongo cha kusukumia unga nikavunja dirisha."

"Mtungi uko wapi?"

"Ndani ya pipa la unga. Nilitaka kuuvunja. Mkono ukakataa."

Verna aliketi kando yake. Alikuwa na kukiri kwa mtuhumiwa, ushahidi na kielelezo. Kilichobaki ni swali moja tu, na hilo halikuwa la kipolisi pekee.

"Kwa nini, Bi Odessa? Gilbert hawezi kumfukuza hata nzi."

"Najua. Angenipa kiti barazani, na blanketi, na kila mtu angekuja kunishika mkono." Alivuta pumzi. "Wewe hukuwepo mwaka 1953. Nilipoingia hapa niliruhusiwa kupika, lakini kuketi chumba cha mbele, la. Mwanamke mweusi, mahali pake jikoni. Kisha mzee Stroud akaugua, akampita mwanawe, akanikabidhi mimi mtungi. Watu wakanung'unika. Wakasema hautamaliza mwaka mikononi mwangu. Nikaapa sitawapa sababu. Miaka arobaini na moja, Verna, sikuwapa hata moja! Sasa umekufa mikononi mwangu, kama walivyosema."

Mlango ulilia nyuma yao. Gilbert alikuwa amesimama hapo. Haikujulikana amesikia kuanzia wapi, ila macho yake yalikuwa mekundu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniambia nipumzike."

Gilbert alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Ningekuambia hivyo, kweli."

"Basi ndiyo maana."

"Waliosema hautamaliza mwaka," alisema Gilbert, "mmoja wao nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na wivu. Nimeona haya kwa miaka arobaini, ila sikuwahi kukwambia. Kwa hiyo sote wawili tuna siri, Odessa."

Verna alisimama, akakung'uta sketi. "Kumdanganya polisi ni kosa la jinai. Nawaambia ili mjue. Gilbert, mali yako iliyopotea iko kwenye pipa la unga. Una malalamiko?"

"Sina."

"Bi Odessa, ukinidanganya tena nitakufunga mwenyewe. Na hilo jiko halitawashwa tena bila mtu mwenye pua kusimama karibu."

"Yuko mmoja," alisema Odessa, akainuka. "Ila kwanza nina kazi naye."

Alichukua ndoo ya maji ya moto na brashi ya chuma, akavuka barabara na aproni yake. Ilikuwa saa sita, watu wamejaa barazani na kwenye njia. Baran alikuwa bado anasugua herufi ya kwanza. Odessa alimsukuma kwa kiwiko, akaanza kusugua ya mwisho. Kisha akageuka, na sauti iliyowahi kuwaita vizazi vitatu mezani ikapaa:

"Nyinyi! Mtungi nimeuficha mimi. Chachu niliiua mimi, maana pua yangu imekufa tangu Februari. Huyu mzee alijua, akanitunzia siri, nanyi mkampaka rangi. Mwenye haya alete brashi!"

Dereva wa maziwa aliteremka kwenye gari lake, uso umemwiva, akaomba ndoo.

"Ulitoboa siri," Baran alinung'unika bila kumtazama Odessa.

"Na wewe ulifunga mdomo kama mpumbavu."

"Niliahidi."

"Ahadi zako ni kama maandazi yako ya kuchemsha. Haziingii jino."

"Na mkate wako," alisema mzee, akitafuta tusi asilipate. "Mkate wako, Odessa..."

Jioni hiyo Gilbert aliandika kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni: CHACHU YETU IMEKUFA. JUMAMOSI TUTAKULA MKATE WA KAWAIDA. TUSAMEHENI.

Verna alidhani kesi imekwisha. Ijumaa saa tatu asubuhi simu ililia mezani kwake.

"Inspekta," alisema Dale, na sauti yake ilikuwa ya ajabu, kama anayezuia kicheko. "Njoo Taa Tatu. Hapa jikoni kuna wezi tisa."

Aliwakuta wamepanga foleni. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu mwenye chupa iliyofungwa kwa skafu: mwaka 1968, kwenye sherehe ya chai, alipitia jikoni akaiba kijiko kimoja cha chachu. Nyuma yake, mzimamoto: bibi yake aliiba wakati wa vita, akairithisha kama pete. Mchungaji naye alikuwepo, ameinamisha kichwa. Kwa miaka yote akina Stroud walikataa kuigawa chachu, na kwa miaka yote Dunmire uliichota kijiko baada ya kijiko, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake.

Baran alikuwa mezani na kijiko chake. Alinusa chupa ya kwanza. "Imechoka." Ya pili. "Hii wameilisha sukari, wapumbavu." Kila aliyoipitisha alimpa Odessa, naye aliiweka sikioni, akafumba macho, akasikiliza mapovu yakipasuka.

Mlango ukafunguliwa tena. Aliingia kikongwe mwenye fimbo, koti la kanisani, na chupa kubwa ya achari kifuani. Verna aligeuka.

"Mama?"

Irma Kessler, mwenye miaka sabini na tisa, hakumtazama bintiye. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani.

"Nimekuja kukiri. Mwaka 1951, siku ya arusi yangu, kwenye chumba cha mbele. Bwana arusi akicheza, mimi nikaingia jikoni."

"Mama, ule mkate wa nyumbani! Ulisema ni wa bibi!"

"Bibi yako alikuwa hajui hata kuchemsha maji."

"Miaka arobaini na mitatu umeficha mali ya wizi nyumbani kwa polisi?"

"Kwenye friji, nyuma ya haradali. Nimekwambia mara mia, Verna, wewe hutafuti vizuri."

Dale aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Baran alifungua chupa ya achari, akanusa. Akanusa tena. Akaisukuma kwa Odessa bila tusi lolote.

Odessa aliiinua kwa mikono miwili, akaiweka sikioni. Jiko zima likatulia. Mapovu yalipasuka upesi, bila kukoma.

"Unailisha nini?" aliuliza hatimaye.

"Maji ya viazi," alisema Irma. "Kila Jumatatu, mapya. Hata siku niliyomzika mume wangu."

Odessa alimimina chachu yote ndani ya mtungi wa zamani, akaufunika kwa kitambaa kibichi. Kisha akamkazia macho yule kikongwe aliyemzidi miaka kumi na moja.

"Vua koti, Irma. Kuna kilo arobaini za unga hapa, na Jumamosi haingoji wezi."

Irma alivua koti. Mwalimu akavua, mchungaji akakunja mikono ya shati. Inspekta Verna Kessler alisimama mlangoni, asijue amkamate nani kwanza, mpaka Odessa alipomnyooshea mwiko.

"Na wewe unangoja nini? Nawa mikono."